Mlango wa Mbele

Kawia ufike. Ni methali fupi, na mtu asiye na safari huitamka kwa ulimi mwepesi, kama anayetema kokwa. Maana yake haina fumbo: afadhali mtu achelewe lakini afike anakokwenda, kuliko kukimbilia njia ya mkato ikamtumbukiza shimoni. Lakini hebu mwambie maneno hayo mama ambaye mtoto wake yuko ng'ambo ya mpaka, anang'oka meno na kuota mengine bila yeye, uone kama hatakugeuzia mgongo. Alikuwako mwanamke mmoja aliyeambiwa hivyo. Akakasirika, akalia, akamchukia aliyemwambia.

Watu walimwita Dobi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua tangu ujana wake. Alikwenda nchi ya watu angali msichana mbichi, akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha hata moja, na mvuke ulikijaza kiasi kwamba wafanyakazi walitambuana kwa sauti kabla ya sura. Dobi alipiga pasi mashuka, foronya na mashati ya wageni. Shati likitoka mikononi mwake, kola yake ilisimama kama askari wa gwaride. Huko huko akaolewa na dereva wa malori, mwenyeji wa nchi ile, mtu mpole aliyekuwa akicheka kwa mabega bila kutoa sauti. Wakajaliwa mtoto wa kike. Dobi akampachika jina la Kinda, kwa sababu alizaliwa mdogo, mdomo wazi, akidai kula kila wakati.

Kibali cha Dobi cha kuishi nchini kilikuwa kimekwisha muda. Dobi alijua, na mumewe alijua. Kila wiki walisema wiki ijayo watakwenda ofisi ya uhamiaji kulimaliza jambo hilo, na kila wiki ikazuka dharura: mara lori limeharibika, mara mtoto ana homa, mara foleni imefika barabarani. Kukawia huko hakukuwa kule kunakosifiwa na methali. Kulikuwa kujikokota tu, na ngoja ngoja huumiza matumbo.

Asubuhi moja Dobi alimfunga Kinda vifungo vya sare, akambusu utosini na kumwambia, "Naenda kazini. Jioni nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Kabla ya adhuhuri maafisa waliingia hotelini. Walishuka hadi kule chini kwenye mvuke, wakamwomba kila mtu karatasi zake. Dobi alisimama na shati la mgeni mkononi, mkono mmoja umeshapigwa pasi na mwingine bado. Alitaka kuwaambia wamwache amalize, kisha akaona upuuzi wa maneno hayo, akaliweka shati mezani. Jikoni juu walimchukua mpishi mmoja aliyeitwa Chapuchapu, mtu aliyefanya kila kitu kwa pupa: kula, kusema, hata kupiga chafya. Baada ya majuma kadhaa ya kulala kwenye vitanda vya chuma nyuma ya milango isiyofunguka kwa ndani, wakapandishwa wote wawili ndege moja. Kila mmoja alipewa karatasi yenye muhuri: asikanyage nchi ile kwa muda wa miaka kumi.

Kinda alikuwa na miaka sita.

Mtoto akabaki na baba yake, katika nyumba ya bibi yake mzaa baba. Bibi huyo alikuwa mshonaji wa mapazia, na hakuwa mtu wa maneno ya sukari. Siku ya kwanza kuletewa mkazamwana alimtazama juu hadi chini, akamgeukia mwanawe na kuuliza, "Huyu huwa anakula kweli?" Tangu siku ile Dobi aliamini kuwa mavyaa yake hampendi. Sasa mtoto wake alikuwa mikononi mwa mwanamke huyo, naye yuko mbali, mikono mitupu.

Kwao Dobi hakukaa kitako kuomboleza. Alijikaza kisabuni, akapanga chumba kimoja karibu na barabara, akanunua pasi mbili na meza, akaanza kufua nguo za watu. Kila Jumapili alizungumza na Kinda kwa simu ya video. Mwanzoni mtoto alilia. Baadaye akawa anasimulia habari za shule. Baadaye tena akawa anajibu "ndiyo" na "hapana" huku anatazama pembeni. Mumewe alimtuliza. Aliahidi kwamba likizo kubwa ikifika atamleta mtoto amwone mama yake. Aliahidi hivyo mwaka wa kwanza, lakini mwajiri akamnyima ruhusa. Akaahidi tena. Mwaka wa nne, ruhusa ikiwa imeshapatikana, lori lake likapinduka kwenye mteremko wenye utelezi, naye hakutoka mzima.

Dobi alizipata habari hizo amesimama kwenye meza yake ya pasi. Hakupiga kelele. Alizima pasi, akakaa sakafuni kati ya vikapu vya nguo za watu, na wateja walioingia walimkuta hapo, macho makavu kama jiwe. Mumewe anazikwa, mwanawe analia, na yeye amefungiwa nje kama mbwa.

Hapo ndipo Chapuchapu alipomjia. Naye alikuwa na mke na watoto wawili wa kiume kule, na subira haikuwa kipaji chake.

"Dada Dobi, nimepata mtu," alisema hata kabla ya kukaa. "Ana pasipoti halali kabisa. Si za kughushi. Ni za watu wa kweli, wanakodisha tu. Wewe kazi yako ni kufanana na picha."

"Na vidole vyangu je? Si walivichukua?"

"Anasema kuna kiwanja kimoja cha ndege hawapimi vidole. Tunaingilia huko. Dada, miaka sita imebaki! Mimi watoto wangu wataota ndevu sijawaona!"

Dobi hakuweza kumlaumu. Maneno yale yalikuwa yamo moyoni mwake pia, yamekaa yakimtafuna. Jioni ile alimpigia simu mavyaa yake, akamweleza kwa kuzungukazunguka kwamba huenda akaja karibuni, kwa njia fulani.

Bibi alimwelewa mara moja. "Njia gani?"

"Njia tu, Mama."

"Mlango wa mbele au wa uani?"

Dobi akahamishia simu sikio la pili.

"Basi usije," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa imekwaruzwa na kilio cha mazishi, lakini haikutetemeka. "Unanisikia? Usije. Ukiingia kwa uani watakutoa, na safari hii hawatakuandikia miaka. Kawia ufike."

"Mtoto amefiwa na baba, Mama!"

"Najua aliyefiwa. Nimekwambia kawia ufike." Akakata simu.

Dobi alirusha simu kitandani. Machozi yaliyokataa kutoka siku ya msiba yakabubujika sasa, ya hasira. Aliyapa maneno yale tafsiri moja tu: mwanamke yule amepoteza mwana, sasa anataka kumfanya mjukuu kuwa mwanawe. Anataka mama mwenye mtoto asahauliwe. Asubuhi yake akafuatana na Chapuchapu hadi kwa yule wakala wa pasipoti, chumba cha ghorofani juu ya duka la simu, pazia limefungwa mchana kweupe.

Wakala alimtandazia pasipoti ya mwanamke mmoja. Kweli walifanana: paji la uso pana, macho ya mbali kidogo. "Jizoeze jina," wakala alimwambia. "Litamke kama umezaliwa nalo."

Dobi alilitamka mara ya kwanza. Akalitamka tena. Akajiona amesimama mlangoni kwa Kinda na jina la mtu mwingine, akiogopa kila anayebisha hodi, akimfundisha mtoto wake kusema uongo kwa majirani na kwa walimu: huyu si mama, huyu ni mgeni tu. Na siku watakapomkamata, Kinda atakuwa anatazama. Akaifunga pasipoti.

"Siwezi," akasema.

"Dada!" Chapuchapu aliruka. "Usinivunje moyo!"

"Kaka yangu, nenda salama. Mimi siwezi."

Alirudi chumbani kwake akiwa hana amani. Hakujiona mwenye hekima. Alijiona mwoga. Wala hakumsamehe mavyaa yake. Aliona amemtii mtu aliyemdhulumu.

Chapuchapu alisafiri. Kile kiwanja alichoahidiwa kuwa hakipimi vidole kilikuwa kimenunua mashine. Alirudishwa kama kuku aliyenyeshewa, akiwa na karatasi mpya isiyotaja miaka kumi wala ishirini, ila neno moja tu: kamwe. Alikuja kukaa kwenye benchi la Dobi, na kwa mara ya kwanza Dobi alimsikia akisema polepole.

"Wanangu walikuwa wamesimama upande wa pili wa kioo," alisema. "Mdogo hakunijua. Mkubwa ndiye aliyemwonyesha kwa kidole."

Dobi alimpa chai.

Miaka ikaenda kwa mwendo wake, na hakuna marefu yasiyo na ncha. Muda wa katazo ulipokwisha, Dobi aliomba viza ya matembezi. Mara ya kwanza wakamkatalia. Akaomba tena, akaeleza kila kitu bila kuficha, akaambatanisha leseni ya duka lake ambalo sasa lilikuwa na wafanyakazi wawili na mashine ya kufulia. Wakampa mwezi mmoja.

Chapuchapu ndiye aliyembebea sanduku hadi kiwanja cha ndege. "Ukifika," alimwambia, "kanyaga mara mbili. Moja yako, moja yangu."

Kule alikotua, alama za vidole vyake zilipogusa kioo, taa ya kijani haikuwaka. Afisa alimwomba asogee pembeni. Akapelekwa kwenye chumba chenye viti vilivyofungiwa sakafuni kwa misumari, saa moja ya ukutani na chupa ya maji isiyo na gilasi. Aliwaona wenzake wa ndege wakipita nje ya mlango na mizigo yao, wakicheka, wakipungiana mikono na wenyeji wao. Akaja afisa wa kike aliyevaa miwani, akakaa mbele yake.

"Umewahi kuondolewa nchini humu?"

"Ndiyo."

"Kwa kosa gani?"

"Kibali kilikwisha nikaendelea kukaa. Nilijua."

Afisa aliinua macho. Pengine hakuwa amezoea kusikia hilo neno la mwisho. "Umekuja kufanya nini?"

"Kumwona mwanangu. Nilimwacha ana miaka sita."

"Na tutajuaje kama utaondoka?"

"Nina duka la udobi," Dobi akasema. "Nguo za mtaa mzima ziko kwangu. Nisiporudi, watu watatembea uchi."

Afisa aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake, lakini Dobi aliona pembe ya mdomo wake ikicheza. Baada ya kupekua pekua tena, akapiga muhuri. "Mwezi mmoja, mama. Usizidishe hata siku."

Nje, katikati ya watu, Dobi alitafuta mtoto. Hakumwona. Aliyemwona ni mavyaa yake, amezeeka, amepungua kimo, anaegemea bega la msichana mrefu mwenye shingo ya baba yake. Kwenye kioo cha simu alikuwa uso tu, na ilimchukua muda kuelewa kwamba msichana huyo mrefu ndiye mtoto.

"Kinda!" Akakimbia, mikono imefunguka.

Msichana alikubali kukumbatiwa kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi, amenyooka, mikono chini. "Karibu," alisema. "Siku hizi siitwi Kinda."

Bibi alimtazama Dobi juu hadi chini, vilevile kama zamani. "Umekonda," akasema. "Twende nyumbani ukale."

Nyumba ilikuwa ile ile ya ghorofa ya nne, ngazi zile zile zenye ukingo uliolegea. Sebule ilijaa marobota ya vitambaa vya mapazia, na ilibidi mtu aviondoe kwanza ndipo apate mahali pa kukaa. Picha ya mume wake ilikuwa ukutani. Dobi alisimama mbele yake mpaka Bibi akamshika kiwiko na kumkalisha.

Wiki ya kwanza ilikuwa chungu kama shubiri. Binti aliamka, akaamkia, akaenda shule, akarudi, akajifungia chumbani na vitabu vyake. Akimhitaji Dobi kwa jambo, hakumwita mama, alijongea hadi macho yao yakutane, ndipo aseme, "Samahani, chumvi." Siku moja Dobi alichukua sare yake akaipiga pasi kwa ustadi wake wote. Binti aliitazama, akasema, "Asante, lakini huwa najipigia mwenyewe. Tangu zamani." Dobi akaenda kusimama bafuni, akafungulia bomba ili asisikike akilia.

Bibi alisikia. Mlango ulipofunguliwa alikuwa hapo nje, na taulo.

"Mpe muda," alisema. "Mtoto huyo ana haki ya kununa."

Dobi, aliyekuwa amechoka kubeba lake moyoni, akatapika nyongo. "Mama, kama ungeniacha nije wakati ule, asingekuwa hivi. Ulinikataza. Ulitaka awe wako."

Bibi hakukasirika. Aliketi juu ya robota la kitambaa, polepole, kwa sababu ya magoti.

"Wiki ile nilikuwa nimemzika mwanangu," alisema. "Nilirudi makaburini nikamkuta mtoto huyu amekaa dirishani, anasema, 'Bibi, amebaki mama.' Sasa wewe ukanipigia unasema unakuja kwa uani. Ningefanya nini? Wangekukamata, wakakufungia kabisa. Mimi ningezikaje mtu wa pili ambaye bado yuko hai? Majirani waliniambia nimwambie mtoto kwamba mama yake hayupo tena, asahau, apumzike. Nikawafukuza hapa na mkasi mkononi. Kila Jumapili akikataa kushika simu, nilimshikisha kwa nguvu. Muulize. Amenichukia kwa hilo."

Dobi alikumbuka zile "ndiyo" na "hapana", na jinsi mtoto alivyokuwa akitazama pembeni. Kumbe pembeni alikuwako mtu. Alipiga magoti akaweka kichwa chake kwenye mapaja ya mavyaa yake, na yule mwanamke asiye na maneno ya sukari akampangusa uso na taulo, kwa nguvu kidogo, kama anayesugua mtoto mchafu.

Kuanzia hapo barafu ikaanza kuyeyuka, tone moja moja. Binti alikuta wanawake wawili wakicheka sebuleni juu ya pazia lililokatwa fupi, naye akacheka kabla hajajizuia. Alicheka kwa mabega, bila sauti. Siku iliyofuata akamwomba Dobi amwonyeshe namna ya kuipiga pasi sketi ya marinda. Kisha akawa anatoka shule moja kwa moja, hapitii kwa rafiki. Kisha akaanza kuuliza: duka lako likoje, mnafua kwa maji ya bomba au ya kisima, nilipokuwa mdogo nilikuwa naogopa nini.

Mwezi ukakimbia kama maji ya mtaro. Siku chache kabla ya safari, akaja kuwaamkia mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyefanya kazi na Dobi kule hotelini. Sasa alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia.

"Unaondoka uende wapi?" alimaka. "Kazi ipo! Nakuingiza kesho. Kaa, mwenzangu. Mji mzima huu, nani atakutafuta wewe? Utakuwa na mtoto wako, yamekwisha."

Binti, aliyekuwa mezani na vitabu vyake, aliacha kuandika. Hakuinua kichwa, lakini shingo yake yote ilikuwa inasikiliza.

"Hapana," Dobi akasema. "Nashukuru sana. Nitaondoka siku yangu."

Kalamu ilianza kwenda tena, kwa kasi, ikichimba karatasi.

Siku ya kuamkia safari, mchana, Dobi alipanga sanduku. Alifungua mkoba wake kuangalia tiketi na pasipoti. Tiketi ilikuwamo. Pasipoti haikuwamo. Akaumwaga mkoba kitandani. Akapekua sanduku, mifuko ya koti, chini ya godoro. Bila pasipoti hataruka, na akikosa kuruka, kesho kutwa muda wake umepita, na jina lake litaingia tena kwenye mashine zao. Atakuwa amekaa miaka kumi mlangoni ili afukuzwe upya.

Bibi alifungua marobota yote ya vitambaa, sebule ikawa bahari ya maua na mistari. Hakuna kitu. Ndipo alipomgeukia mjukuu wake, aliyekaa kimya tangu mwanzo bila kuuliza wanatafuta nini.

"Mwanamwali," alisema Bibi, "mbona wewe hutafuti?"

Binti alisimama, akatoka, ngazi zikalia vishindo vya kupanda juu. Bibi alitaka kumfuata, magoti yakamkatalia. "Nenda wewe," akamwambia Dobi. "Wewe ndiye mama yake."

Alimkuta juu ya paa, kati ya mashuka ya wapangaji yaliyoanikwa. Upepo uliyapiga mashuka yale, wakawa wanaonana na kupoteana. Dobi hakupaza sauti. Alianza kuanua shuka lililokauka, kwa kuwa mikono yake haikujua kukaa bure, na baada ya kitambo binti akashika ncha za upande wa pili. Wakalikunja pamoja.

"Uliniambia unaenda kazini," binti alisema. "Uliniambia jioni utanichukua mwenyewe."

"Ndiyo. Nilikwambia hivyo."

"Nilingoja kwenye lango la shule mpaka mlinzi akafunga. Sasa unasema unaondoka, utarudi. Mimi nitajuaje?" Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. "Yule shangazi amesema kazi ipo. Kwa nini hukai? Hunitaki?"

Dobi aliliweka shuka chini. "Nakutaka kuliko pumzi yangu. Sikiliza, mwanangu. Siku ile sikuondoka, niliondolewa. Mtu anayeondolewa hajui atarudi lini, na hakuna anayemwuliza kama ana mtoto langoni. Kesho naondoka mwenyewe, kwa miguu yangu, kwa jina langu, siku waliyoniandikia. Nikiondoka hivyo, nitaomba tena na nitakuwa na uso wa kuomba. Nikikaa, nitakuwa najificha nyuma ya mapazia ya Bibi, na kila mlango ukigongwa utaruka. Utaishi hivyo mpaka lini? Mpaka siku watakaponitoa mbele ya macho yako?"

"Na wakikukatalia viza?"

"Nitaomba tena. Mara hii pia walinikatalia mwanzo. Na wewe sasa u mkubwa, utakuja kwangu. Tumekwisha kuzungumza na Bibi. Sitaki uniamini kwa maneno, maana yangu yalishakuangusha. Nipe tu nafasi uone."

Shuka moja lilimfunika binti, likamfunua. Kisha akaingiza mkono ndani ya sweta lake, akatoa pasipoti, imelowa jasho, imepinda kwa joto la mwili. Hakumpa bado.

"Niite lile jina," akasema.

"Lipi?"

"La zamani."

"Kinda," Dobi akasema. "Kinda wangu."

Pasipoti ikapita mkononi mwake, na msichana mrefu akaanguka kifuani pake, akilia kama mtoto wa miaka sita aliyechelewa kuchukuliwa shuleni. Bibi, aliyekuwa amepanda ngazi moja moja hadi mlango wa paa, aligeuka akashuka.

Siku ya safari walikwenda wote watatu. Dobi alipanga foleni kama wengine, afisa akaigonga muhuri pasipoti ile iliyopinda, akampungia apite. Alipokuwa anaishia kwenye kona, sauti ikapasua ukumbi mzima, "Mama! Safari njema, Mama!" Watu waligeuka kutazama. Dobi alipunga mkono.

Hazikupita siku nyingi baada ya kufika kwake ndipo alipoomba tena. Safari hii hapakuwa na kukataliwa wala maswali marefu, maana kumbukumbu za mashine zilionyesha alivyoingia na alivyotoka, bila siku kuzidi. Walimpa viza ya kuingia na kutoka kwa muda wa miaka kadhaa. Likizo ya kati Kinda alimtembelea, akafua na kupiga pasi na wafanyakazi wa duka, akala kwa Chapuchapu mpaka akashindwa kuinuka. Na mwaka ulipokaribia kuisha, Dobi akasafiri kwenda kumwona binti yake akimaliza shule.

Ndege ilichelewa. Mzigo nao ukachelewa. Lakini vidole vyake vilipogusa kioo, taa ya kijani iliwaka, naye akatoka nje pamoja na abiria wenzake, akilikokota sanduku lake. Kinda alikuwa mbele ya watu wote, ameegemea kizuizi, mikono kiunoni.

"Mama, mbona umechelewa hivyo? Bibi amelala hapo kwenye kiti mpaka amekoroma!"

"Nimechelewa, mwanangu," Dobi alisema, akacheka huku analia, "lakini si nimefika?"

Kinda akampokea sanduku. Wakaenda kumwamsha Bibi, ambaye alifumbua macho, akamtazama mkazamwana wake juu hadi chini, akaridhika, akasema lile alilowahi kulisema kwenye simu siku ya uchungu, na safari hii Dobi alilipokea kwa mikono miwili: "Nilikwambia mimi. Kawia ufike."